Kumbukumbu ya Mama Yetu, Mwandishi wa Lishe ya Wajawazito

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke, na meza ya jikoni bado tunaiita ofisi yako.

Hapo ndipo ulipofanyia kazi, kompyuta katikati ya vitunguu na kikombe cha chai. Hukuwa na mwajiri. Uliandikia magazeti na tovuti, leo hili kesho lile, kuhusu chakula cha wajawazito na virutubisho vinavyouzwa kila kona. Ukishazama katika sentensi, sufuria iliungua. "Bi Lishe, mchuzi unalia!" Baba aliita kutoka sebuleni. Na wewe uliyewahimiza watu wapunguze sukari, chai yako ilikuwa tamu kupindukia. "Mganga hajigangi," ulimjibu, ukiongeza kijiko kingine.

Simu yako haikupumzika. Wadogo zako, majirani, hata wanawake usiowajua walikupigia. Kila mmoja ulimuuliza kwanza kama amelala vizuri. Habari za chakula zilifuata baadaye.

Leo tunaikumbuka zaidi siku uliyokwenda kumtembelea mkweo, mke wa mwanao. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na ya tatu ilikuwa bado changa. Kando ya kitanda ulikuta chupa za virutubisho zimejipanga kama duka la dawa. Kila aliyemhurumia alimletea yake, naye alizimeza zote. Hukumkaripia. Ulivaa miwani, ukakaa kitandani, ukazisoma moja baada ya nyingine. Kadhaa zilikuwa na vitamini A, na kwa pamoja zilivuka kiasi kinachomfaa mjamzito.

"Mwanangu, mimi ni mwandishi, si daktari," ulisema. "Tuzibebe zote twende kliniki."

Mkweo alizikumbatia. "Mama, nikiziacha halafu na huyu akatoka, watasema nini? Walishasema sili vizuri."

"Nani kasema?"

Alianza kulia. Ulimvuta begani kwako.

"Mimba nyingi hutoka bila mama kukosea chochote. Hakuna daktari aliyekwambia ni sahani yako. Mwenye neno jingine, aje aniambie mimi."

Mlikwenda. Mkunga alimwachia vidonge vya kuongeza damu, chupa nyingine akaziondoa. Mlipokuwa mkirudi mlinunua ndizi, mkala huku mnatembea, mkimcheka Baba na kelele zake za mchuzi. Mkweo anasema chakula kilirudi kuwa na ladha siku ile.

Baadaye uliandika makala kuhusu kina mama wanaolaumiwa mimba zinapotoka. Mhariri alitaka kichwa kinachoahidi vyakula vya kuzuia jambo hilo. "Chakula cha hivyo hakipo," ulimwambia, "na mama aliyefiwa si soko." Akaikataa. Uliipeleka kwingine, ikatoka kama ulivyoiandika. Hadi leo wasomaji wanatuma ujumbe. Baba huwajibu mmoja mmoja, kwa kidole kimoja, akituuliza kila mara herufi fulani imejificha wapi.

Moyo wako ulisimama ghafla, mchana mmoja tulivu, mkweo akiwa mjamzito wa miezi minane. Tulihofu huzuni ingemwelemea. Alikula huku machozi yakimdondokea kwenye sahani, akisema, "Mama asingenielewa nikilala na njaa." Mwezi uliofuata alijifungua mtoto wa kike, mwenye afya tele na sauti ya kuamsha mtaa.

Sasa anatambaa, na chakula anakitema apendavyo. Juzi jirani mmoja alikuja kutusalimu, akamwona mtoto akigeuza uso mbele ya kijiko, akamwambia mama yake, "Mtoto hali huyu. Utakuwa unakosea mahali."

Mkweo alimfuta mtoto kidevu, taratibu.

"Hana njaa tu, dada yangu. Ikimuuma ataniambia. Karibu chai."

Hakutetemeka, wala hakutazama chini. Tulitamani ungekuwepo umwone, Mama.

Unakumbukwa na mumeo, wanao, mkweo, wadogo zako, mawifi na mashemeji, majirani, na mjukuu uliyemsubiri kwa hamu. Hakukujua, lakini kwetu haipiti siku bila yeye kusikia habari zako.

Tutakukumbuka siku zetu zote.