Tulioitikia Mwano

Somanda, 3 Februari 2026

Baba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila kuna sauti hainitoki: mwano, lile yowe la sungusungu lililolia alfajiri nikiwa darasa la tatu, ukatoka mbio na rungu, peku.

Wiki iliyopita mwano ulilia tena, safari hii kwenye simu. Ilisambazwa picha ya maneno ya Specioza, mwalimu mwenzangu, kutoka Facebook: "Wakulima wa pamba ni wajinga." Watu wakataka afukuzwe, wakatoa namba ya mkuu wa shule. Nikaukumbuka mgongo wako shambani. Nikaandika: "Nafundisha naye. Aondoke."

Ijumaa ameondolewa. Mbona sifurahi?

Mwanao,
Nyamizi

Ngulyati, 11 Februari

Mayu Nyamizi,

Mwangaluka. Mguu unauma, mama yako anasema ni uvivu tu.

Alfajiri ile tulimvamia Bujiku, tukiambiwa kaiba ng'ombe. Kwetu mwano ukilia huulizi, unatoka. Tulimtenga, hata moto hakuna aliyempa. Baadaye ng'ombe walionekana kwa ndugu wa yule yule aliyepiga yowe. Hakuna aliyesimama mbele ya watu kumsafisha Bujiku, hata mimi baba yako. Akahama.

Huyo mwalimu, uliyasoma maneno yake yote?

Baba yako,
Limbu

Somanda, 3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama akuchue mguu kwa maji ya moto, acheni utani.

Sikuwa nimeyasoma. Nimeyasoma sasa. Aliandika: "Diwani wetu anadhani wakulima wa pamba ni wajinga. Mwulizeni mbegu ziko wapi." Aliyepiga picha alikata mwanzo na mwisho.

Nilikwenda kwake. Alikuwa anafunga mizigo arudi kwao Kasoli.

"Wale wengine siwajui," akasema. "Wewe tumekula bakuli moja. Na mkuu alinisomea la kwako tu, maana ndiwe shahidi."

Nikamwomba radhi. Akaniambia nishike upande wa pili wa godoro, tukalibeba hadi kwenye bajaji.

Jana kwenye paredi ya asubuhi nilisimama mbele ya wanafunzi na walimu, nikasoma maneno yake yote, kisha yangu. Mkuu akasema Specioza harudi. Nikayaweka Facebook pia. Kufikia mchana namba ya mkuu ilikuwa imetolewa tena, sasa wanataka niondoke mimi, na yule diwani pia.

Winnie wa ofisini alinisihi: "Dada, futa, bado hujachelewa."

Sijafuta. Funguo za maabara yangu nimeziacha mezani kwa mkuu asubuhi hii, pamoja na barua ya kuacha kazi, kabla hajaniita.

Mwanao,
Nyamizi