Kutoka Kituku hadi Mugunga ni Pozitif

Mama Prof,

Ni mimi, Negatif wako. Nimefaulu egzeta, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Najua nimechelewa kukuambia. Ni wiki tatu sasa tangu tukuzike.

Leo nimekwenda kambini Mugunga, kwenye lile jiwe jeusi la volkano ulilolifanya ubao wetu. Vita ilikutoa Kibumba bila hata godoro, lakini chaki ulikuja nazo! Sijaona mtu mwingine wa namna yako. Kambi nzima inapanga foleni ya maji, wewe unatufundisha kupima safari kwa muda na umbali pamoja. Chukua umbali ambao mwanga ungekwenda katika muda huo, uuzidishe kwa wenyewe. Kisha toa umbali wa safari yenyewe, nao ukizidishwa hivyo hivyo.

"Ikibakia pozitif, ni njia ya mutu, ya jiwe, ya kila kitu iko na uzito. Zero, ni njia ya mwangaza. Negatif, hakuna kitu kenye kinaweza pita."

Mimi nikageuza kutoa, na yule mwendesha pikipiki wa Kibumba katika hesabu yangu akatoka negatif. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Weye! Huyu ameshinda mwangaza! Anatumiaka esanse gani mu pikipiki yake?" Jina likaniganda siku hiyo hiyo.

Uliniagiza pia: "Ukifaulu, ukuje mwenyewe. Usitume mutu." Matokeo yalipotoka nilikuwa sokoni Kituku, nikiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilijua unaumwa. Barabara ilikuwa wazi. Nikasema kesho, nimalize samaki kwanza. Asubuhi yake ukaondoka.

Watu wananifariji eti vita ndiyo iliyotutenganisha. Hapana, Mama. Leo nimepiga hesabu yetu juu ya jiwe lako: Kituku hadi Mugunga, nusu siku nzima mkononi. Pozitif, tena kubwa mno. Hata kwa miguu ningefika. Nimelia pale pale, chaki mkononi. Nisamehe.

Wasichana wawili wakatoka kwenye foleni ya maji wakaniuliza ile alama ya kutoa inafanya nini. Nikawaeleza, na mmoja akaigeuza kama mimi. Nikamwuliza kuhusu esanse kabla sijajua nasema nini. Ilikuwa sauti yako kabisa, Mama Prof, na nilifurahi kuliko siku ya matokeo.

Wanataka somo lingine. Pumzika sasa. Jumamosi sambaza watabaki kwenye beseni, wakioza na waoze. Nitakuja mwenyewe. Sitatuma mutu.

Negatif