Siga Uliyoikata kwa Wembe

Kampala, Jumamosi, Mei 1977

Mama,

Mvua imenyesha tangu asubuhi, na bomba bado halina maji. Nimekinga ndoo kwenye veranda. Nimekaa kitandani kwako kwa sababu kwangu hakukaliki.

Leo wamemchukua Mzee Rajabu, jirani yetu wa chini. Wamemchukua kwa ajili ya siga yako.

Sikukueleza yote juu ya siga ile. Nilikuambia ni tumbaku tu ya hotelini, na wewe ulikuwa mgonjwa, hukuuliza. Aliyenipa ni rubani mzungu, mgeni wa chumba ninachosafisha kule Nakasero. Aliiacha mezani badala ya bakshishi, akasema madukani hakuna kitu cha kuninunulia. Akaniambia kwao kuivuta ni kosa, maana serikali yao imekataa kufanya biashara na Kuba, kisiwa inakotengenezwa. Alicheka sana kwamba imembidi aje Kampala ili avute kwa amani.

Mimi sikucheka. Hapa kitu cha nje kisicho na kibali ni magendo, na watu wanapotea kwa ajili ya sabuni. Lakini kila jioni kwenye baa ya hoteli wakubwa wanavuta siga hizo hizo, na asubuhi mimi ndiye ninayemwaga majivu yao. Kwao rubani, kosa ni mahali siga ilikotoka. Kwetu kosa ni mkono ulioishika.

Nililijua hilo, na bado niliichukua. Niliipitisha getini ndani ya nywele, chini ya kitambaa cha kichwa.

Chakula ulikuwa hukitaki tena, ulitaka tumbaku tu. Ulipoiona ulisema ni nene kama muhogo, mwanamke ataivutaje? Ukaomba wembe. Ukaikata, ukayafungua majani yake, ukasokota vidogo vidogo, ukavuta kama mnavyovuta wanawake wa umri wako kule kwetu Tororo, moto ndani ya mdomo. Ile karatasi nyekundu yenye dhahabu iliyokuwa imeizunguka ukaivaa kidoleni, ukasema Baba hakuwahi kukununulia pete nzuri hivyo. Nafurahi nilikuona hivyo. Hata leo nafurahi, na hilo nalo linaniumiza.

Ulikuwa umekaa verandani ukivuta. Mzee Rajabu akapiga kelele kutoka chini, "Dada yangu, leo unapika nini mdomoni? Harufu hii ni ya minista!"

Ukamjibu, "Nyamaza wewe Mnubi, utashiba harufu ya bure!"

Kwa hiyo alijua. Nataka ukumbuke hilo, Mama. Alijua tangu siku ile.

Leo asubuhi askari walikuja kupekua nyumba zote za jengo letu. Walisema wanatafuta sukari iliyofichwa. Niliwasikia mlangoni kwa jirani. Tumbaku yako iliyobaki ilikuwa bado ndani ya kopo la maziwa, pamoja na ile pete ya karatasi. Tangu tukuzike sikuweza kuitupa. Choo hakina maji. Nikatoka verandani nikalirusha kopo, nikidhani litaangukia kwenye majani ya bondeni.

Halikufika. Lilianguka verandani kwa Mzee Rajabu.

Kwangu hawakuona kitu. Wakashuka. Nikasimama kwenye ngazi na majirani wengine, nikasikia askari mmoja anamwambia Mzee, "Wewe muzee, sasa umekuwa minista? Siga ya bazungu umetoa wapi?"

Mzee akasema, "Afande, mimi kifua hiki hata moshi wa kuni kinakohoa. Siga nivute na pua gani?"

Watu wawili watatu wakacheka. Askari hakucheka. "Basi ni ya nani? Sema jina, ubaki na bibi yako."

Mzee alinyanyua macho akaniona. Nilikuwa nimevaa nguo yangu ya msiba. Akanitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabara, akageuza uso.

"Labda ndege wameangusha," akasema.

Walimpiga kofi, wakamtia kwenye gari.

Mdomo ulikuwa wangu na haukufunguka.

Mchana mkewe, Mama Zainabu, alipanda juu na chupa ya chai. Huyu ndiye aliyekuosha, Mama. Sisi Wakristo, yeye Mwislamu, na bado alifika kabla ya watu wa kanisa letu. Leo mumewe yuko ndani na yeye ananiletea chai isiyo na sukari, kwa sababu nyumba yangu ina msiba.

Alisema amempelekea Mzee chakula kituo cha polisi. Bado yuko mikononi mwa polisi. Jumatatu watamkabidhi kwa wanajeshi, na huko hakuna anayepeleka chakula.

Kisha akasema, "Amekusalimu. Amesema, mwambie yule binti asishuke-shuke ovyo, yuko kwenye matanga. Nyumba ya msiba haisumbuliwi." Akanitazama. "Mimi sikuelewa, mwanangu. Wewe umeelewa?"

Nikasema hapana.

Nilisema hapana, Mama, na chai yake iko mkononi mwangu.

Alipoondoka nililia kuliko siku ya kaburi. Halafu nikaanza kupanga ujanja. Nikasema nitakwenda kituoni niseme siga ilikuwa yako, nawe umekufa, watamfunga nani? Lakini watauliza wewe mgonjwa uliipata wapi, na jibu ni mimi. Na hata kama wasingeuliza, nisingependa jina lako liandikwe kule kwa sababu nimeogopa kuandikisha langu.

Baba alikuwa polisi. Nimekulia kambini, najua polisi wanavyopenda mtu aje asubuhi, kabla ya zamu kubadilishwa, wakiwa wamechoka. Kesho Jumapili nitakwenda mapema. Nitasema niliipata wapi, nani aliyeivuta na nani aliyelitupa kopo. Sijui watanifanya nini. Labda watanipiga kofi waniache. Labda sivyo.

Kwanza nitapita kwa Mama Zainabu nimwambie mwenyewe. Hilo naliogopa kuliko kituo.

Mvua imepungua. Nimefua nguo yangu nyingine kwa maji ya ndoo, na ninaomba ikauke.

Mama, kesho asubuhi unikumbuke.