Soda Mumoja wa Rangi Yako

Bel-Air, Lubumbashi, juin 1974

Yaya Donat,

Siye bote tuko bazima. Baridi ilianza, na Mama anauliza kama kule Kitwe uko na blanketi ya nguvu. Mihogo yake ya sombe iliota muzuri.

Ule muchezo wa falme Baba alichora ku mbao ungali ku meza. Tangu uvuke mupaka ku Mokambo, kila siku ya Mungu Citoyen Ngosa, mukubwa wa chama ku avenue yetu, anakuja kuikala ku kiti yako na kucheza na basoda ba rangi yako, bale baaskari badogo ba mbao. Hajui kucheza! Anamaliza shaba yote ku wakati wa kwanza, ule wa misalaba ya shaba, na wakati wa reli ukifika hana kitu ya kujenga nayo.

Na anashinda, Yaya. Unakumbuka Baba? Hata siku niligonjwa surua hakuniachia muji mumoja. Sasa anamuachia ule muntu miji yote, mupaka wakati wa mwisho, ule wa fabrike.

Citoyen akisukuma soda, anauliza polepole: "Donat anaandikaka? Atarudia lini?"

Baba anaangalia mbao tu. "Ni zamu yako, Citoyen."

Juzi soda mumoja wa rangi yako alikosekana. Citoyen alicheka: "Huyu alikimbia."

Kesho yake nilifua suruali ya Baba, nikamukuta ule soda mu mufuko. Suruali ilipokauka, nilimurudisha mule mule.

Na wewe ubakie kule kwanza.

Mudogo wako Delphine, siku hizi kwa sheria ya majina Chileshe