Miwani ya Mama Mkwe

Shoga, nimejifungia chooni ofisini, nacheka hadi machozi 😂

Si unaujua ule mkataba wa wilaya tatu kuhudumia wazee kwa pamoja? Niliuchapa mimi. Kwa herufi ndogo kama sisimizi, eti utoshe ukurasa mmoja!

Wakurugenzi watatu wamekaa kusaini, hakuna anayeona kitu. Na hakuna anayekubali kuwa amezeeka! Mmoja anausogeza mbali, mwingine anasingizia taa. Mimi jasho linanitoka.

Miwani mle chumbani ilikuwa moja tu, ya mama mkwe, niliyemleta awakilishe wazee. Ndiyo, huyo huyo aliyeninunia mwezi mzima kwa sababu ya mapazia.

Akaing'ang'ania. "Siwapi, wanangu, mpaka muandike kwamba kadi yangu ya matibabu itapokelewa hospitali ya wilaya jirani, ng'ambo ya mto. Ya kwetu ni mwendo wa saa tatu kwa basi."

SIWAPI. Kawaambia wakurugenzi!

Na wakaongeza kwa mkono, shoga! Wakapokezana miwani, wakasaini.

Sasa mkurugenzi wa ng'ambo kaondoka nayo mfukoni. Nilitaka kumpigia, mama mkwe akanishika mkono: "Mwache. Jumatatu naifuata mwenyewe, na kadi yangu."