Kola Niliyokushonea

Karakana ya Cherehani,
Mlango wa kijani, ubavuni mwa duka la vioo.
Jumanne, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa mpwa wangu Kengele,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa, marahaba sana. Hujambo huko uliko? Mumeo hajambo? Na yule mtoto wenu mchanga, meno yameshaota au bado anatafuna kwa ufizi kama babu? Sisi huku tu wazima. Mkazamjomba wako anasumbuliwa na goti, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, tunamshukuru Mungu. Dada yangu, mama yako, hajambo kabisa, juzi tu amenifokea barabarani mbele ya wateja wangu. Mimi mwenyewe ni chuma, isipokuwa usingizi. Tangu Jumapili silali, na mchana nikikaa naona kama kiti kina sindano.

Usishtuke kuona barua ya mkono wakati simu zipo. Kwenye simu naujua mdomo wangu. Ungecheka kidogo tu, nami ningeongeza chumvi, ukicheka tena naongeza pilipili, mpaka lile la maana linapotea. Karatasi haicheki. Dereva wa basi atapita saa kumi kuchukua barua hii na kifurushi. Sasa hivi ni saa nne, kwa hiyo sina njia ya kukimbia.

Kifurushi usikifungue kwanza. Soma mpaka mwisho, tafadhali sana.

Kazi inakwenda. Mjomba wako bado ndiye fundi, wengine wanashika mkasi tu. Mwezi uliopita nilimshonea suti bwana mmoja mkubwa wa ofisi, ikamkaa mpaka alipofika kwake mbwa wake akambwekea, hakumtambua hadi alipovua koti. Mkewe ni shahidi. Na ile habari ya shati la bwana arusi, lililochanika lote ugomvini kifungo changu kikabaki kimeshika hewa, watu bado wanaisimulia. Wengine wanasema vilikuwa vifungo viwili. Sibishani nao.

Habari nyingine ni kwamba Jumapili ijayo natakiwa kusimikwa mzee wa kanisa. Ndiyo, mimi, niliyeliona darasa la sita kwa kuchungulia dirishani. Suti ya siku hiyo imeshakamilika, rangi ya mkaa, mifuko minne. Inaning'inia hapa mbele ya cherehani. Jana nimeigeuza ielekee ukuta, maana nilikuwa naona inanitazama.

Ngoja niinuke kidogo.

Nimerudi. Nilitoka kunyoosha miguu, nikapita duka la vioo hapo jirani, nikajiona mara thelathini kwa mpigo. Zamani nilikuwa napita pale makusudi. Leo nimerudi mbio.

Basi nikwambie ya Jumapili. Unakumbuka desturi ya kanisa letu: joho jipya la kwaya halivaliwi mpaka liombewe, na fundi aliyelishona husimama mbele ajulikane. Mwaka huu nilijitolea kushona majoho ishirini na manne, nikatangaza kwamba nitayamaliza kwa siku nne. Hakuna aliyeniomba haraka hiyo. Ni mdomo tu. Nikabuni kola nyeupe ndefu, inayopanda hadi chini ya masikio, kitu ambacho hata maaskofu hawajakivaa. Siku ya tatu kile kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola kikaniishia. Kungoja kingine ni siku mbili, na mimi nimeshatangaza. Nikachukua makatoni ya sabuni, nikakata, nikatia ndani, nikafunga. Kwa nje, mpwa wangu, kola zilisimama kama askari wa gwaride.

Ibada ikaanza, umeme ukakatika, feni zikasimama. Joto la lile bati unalijua. Wimbo wa kwanza ulikwenda salama. Wa pili, jasho likaanza kuteremka, na kola zikaanza kulala. Ikalala moja, zikalala tatu, ukalala mstari mzima wa sauti ya pili. Halafu wino wa katoni ukajitokeza kwenye kitambaa cheupe. Yule fundi bomba mwenye sauti nzito akawa ameandikwa shingoni maneno ya kuonya kwamba awekwe mahali pakavu. Najua unasema mjomba ameanza. Muulize mama yako, alikuwa benchi la tatu, alicheka mpaka akapoteza kiatu.

Mtu mmoja nyuma akaita, "Fundi! Hao unauza rejareja au kwa katoni nzima?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji mwenyewe alijifunika uso kwa karatasi ya matangazo, mabega yanatikisika. Mimi nimesimama mbele, ndiye fundi wa kujulikana, na nilijulikana kweli.

Kicheko ningekivumilia, hata kukigeuza kisa cha kusimulia. Kilichonimaliza ni Mama Fagio, yule bibi anayefagia kanisa, ambaye ujanani alikuwa mshonaji. Alivua joho la msichana mmoja taratibu, akaligeuza ndani nje, akaliinua juu. Nyuzi zinaning'inia kama ndevu za mbuzi. Pindo halijapigwa. Mshono umekimbia pembeni. Akaniangalia bila hasira.

"Fundi," akasema, "nje umeshona wewe. Ndani ulitaka Mungu amalizie?"

Unanijua, jibu huwa sikosi. Siku hiyo nikainama kuokota nyuzi sakafuni.

Mchungaji akaamuru majoho ya zamani yatolewe kabatini, na mimi, ili nipate mahali pa kuficha uso, nikajifanya kusaidia kuyatoa. Chini ya yote, kwenye msumari wa mwisho, nikakuta la kwako. Miaka sita lilikuwa pale.

Hapa nimeinuka tena. Nimechemsha chai na sijainywa. Sasa naandika bila kusimama.

Lile joho unalikumbuka. Wenzako wote niliwashonea kola ya chini, wewe peke yako nikakupa ndefu. Nilikwambia ni kola ya kifalme kwa sababu una sauti ya kifalme. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nafunika kovu lako, lile la maji ya moto yaliyokuunguza ukiwa na miaka minne, kutoka sikioni hadi begani. Sikukuuliza kama unataka lifunikwe. Wewe ulisema ahsante mjomba, ukachukua.

Wiki ile walikuwa wanakuja wageni na kamera, na picha ya kwaya ingetundikwa ofisini kwa mchungaji miaka na miaka. Nikaona kola peke yake haitoshi. Ijumaa nikamwendea mwalimu wa kwaya, nikamwambia wewe mwenyewe umeomba kusimama mstari wa nyuma, kwa sababu unaona haya ya shingo yako. Hukuwa umeomba. Hukuwahi kuniambia neno kama hilo. Nililitunga mimi, kama ninavyotunga mengine.

Jumamosi mazoezini alipokwambia kwa upole usogee nyuma ya wanaume warefu, ukamuuliza, "Kwa nini mwalimu? Nimekosea sauti?" Yeye akashtuka. Akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni na futi shingoni. Mimi nikatazama vifungo vyangu. Akarudi kwenye daftari lake la nyimbo. Wewe ukatundika joho msumarini, ukatoka, na wiki ile ile ukasafiri. Mama yako ananiambia kwamba huko uliko huendi kanisani, na kwamba hata jikoni huimbi. Wewe, Kengele, ambaye ukiimba uani wanaopita barabarani walikuwa wanasimama.

Miaka yote nilijidanganya kwamba nilikuwa nakukinga usichekwe. Si kweli. Nilitaka watu wakiiangalia ile picha macho yao yatue kwenye nguo, yasivutwe kwingine. Nilikuficha kwa ajili ya kola zangu. Sasa nimeliandika, na mkono haujakauka.

Na mwalimu wa kwaya je? Ninyi mmemchukia, mkidhani wazo lilikuwa lake. Mama yako hajamwamkia miaka sita, akimwona anavuka barabara. Mimi nilimwacha alibebe. Tena ni mimi niliyempa lile jina la Jino, kwa sababu ya jino lake lililotangulia mbele kama limetumwa dukani. Nimewachekesha watu kwa sura yake kwenye kila arusi, naye ananunuliwa soda na kucheka pamoja nasi.

Jana nilimfuata pale anapotengenezea baiskeli. Nilimkuta ameipindua moja magurudumu juu, anaziba pancha. Nikaanza hotuba niliyoiandaa usiku kucha, na ilikuwa hotuba, nakwambia, ingemliza jiwe. Akanikatiza.

"Fundi, kwani mimi sikujua?"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu alipouliza kama amekosea sauti. Mtu aliyeomba kwenda nyuma haulizi kwa nini yuko nyuma."

"Sasa mbona hukusema? Wamekutukana hivi!"

Akaendelea kusugua mpira kwa msasa. "Kwaya angepata nyingine. Mjomba angempata wapi? Nilidhani utamwambia mwenyewe. Nikasubiri. Baadaye nikazoea kusubiri." Kisha akanipa pampu. "Shika hapo, jaza upepo, umesimama bure."

Nikajaza upepo, mpwa wangu. Nilijaza huku machozi yananidondoka kwenye spoku, na yule mtu niliyemcheka jino miaka sita akajifanya anatafuta spana ili asinione.

Mchungaji amehubiri mara nyingi kwamba Mungu hatazami sura, anatazama moyo. Mimi ndiye niliyekuwa naitikia amina kwa sauti kuliko wote, huku nanyoosha mkunjo wa suruali. Nilidhani neno hilo limewekwa kwa ajili ya watu wenye sura mbaya, kuwafariji. Kumbe limewekwa kwa ajili yangu, na si la kunifariji hata kidogo. Naogopa, Kengele. Mtu wa miaka hamsini na mbili naogopa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nikifumuliwa mimi, nje ni suti, ndani ni katoni.

Saa tisa sasa. Dereva huyo huwa anawahi.

Nimeamua hivi. Leo barua ikiondoka nakwenda kwa mama yako kumweleza. Ataniita majina yote ya utotoni, na nitayaitikia. Jumapili nitasimama mbele, lakini si kusimikwa. Nimeshamwambia mchungaji anisogeze kando. Nitasema nilichomfanyia mwalimu wa kwaya, na nilichokufanyia wewe, bila chumvi. Mkazamjomba wako anasema bila chumvi sitaweza kuongea dakika mbili. Dakika mbili zinatosha.

Sikuombi urudi. Sikuombi hata unisamehe haraka, usije ukafanya kama mimi na majoho yangu. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa barua, nitaisoma mara mbili. Ila mwandikie mwalimu wa kwaya mstari mmoja tu. Na ukiweza, imba. Hata ukiwa unaosha vyombo, imba, mwanao ajue mama yake ni nani.

Msalimie sana mumeo, mwambie suruali aliyonipa vipimo nitaishona upya yote, nje na ndani, hata kama hajalalamika. Mbusu mtoto wenu kwenye ufizi. Mkazamjomba wako anakusalimu, na goti lake. Bibi mzaa mama yako anasema hajafa, na anauliza mbona huji kuthibitisha. Mama Fagio, ambaye hufagia hadi ndani ya lile kabati la majoho, nilipomwambia nakuandikia, alisema tu nimsalimie yule mtoto mwenye mkono mwepesi. Utaona maana yake hapa chini. Mungu akuweke kivulini mwake, wewe na nyumba yako, akupe amani ile ambayo mimi sina siku hizi.

Basi, sasa kifurushi.

Ni joho lako. Nilipolitoa kabatini nilitaka kulikunja haraka wasilione, ndipo kola ikafunguka mkononi mwangu. Haikuwa imesimama tena. Ulikuwa umeifumua, ukaikunja kuelekea ndani, ukaipiga pindo kwa mkono, shingo ikabaki wazi. Usiku ule wa Ijumaa, nadhani, kwa taa ya jikoni kwenu. Kumbe Jumamosi ile ulikuja na joho tayari kuimba na kovu lako nje, mbele ya kamera na wageni na malaika wote. Wewe hukuwa na haya yoyote. Mwenye haya nilikuwa mimi.

Nimehesabu mishono yako. Mia moja na arobaini na nne, yote sawasawa, midogo kama punje za mchanga, na fundo limefichwa hata mimi sikulipata. Katika miaka thelathini ya kazi sijawahi kushona pindo kama lile, na hii ni sentensi ya kwanza ya aina hiyo kutoka kinywani mwangu, itunze.

Sikuligusa. Sikulipiga pasi wala sikukata uzi. Nimelikunja likiwa limegeuzwa ndani nje, ukifungua uanze kuona kazi yako.

Dereva huyo anapiga honi.

Akupendaye, na aliyekukosea,
Mjomba wako.