Fomu Niliyokutilia Sahihi

Islii, Nairobi

Abaayo Habiba, dada yangu wa pekee,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanazozana na ngazi za nyumba ya binamu yetu, ghorofa ya nne. Wewe je? Na mbuzi wa Balambala, wamepata majani au bado wanakula karatasi? Najua binti yako Fardosa ndiye anayekusomea. Mwalimu, msomee mama yako kila neno, hata yale ya kunitukana mimi mjomba wako. Kisomali sikufundishwa kukiandika, ndiyo maana nakuja na Kiswahili changu cha darasa la nne.

Uliuliza kazi gani imeniweka huku miezi miwili. Serikali imetoa fedha za kuchunguza kansa ya koo huko kwetu, na fedha hizo zina masharti mengi kuliko posa ya binti wa chifu. Damu ya mtu haivuki mpaka wa nchi bila kibali. Aliyekubali leo anaweza kukataa kesho, na asinyimwe matibabu. Na kamati inayosimamia lazima iwe na mtu mmoja wa kawaida, asiye daktari wala msomi, atoke kwa wanaochunguzwa. Huyo ndiye mimi. Madaktari sita na mjinga mmoja, na bila mjinga kikao hakifunguki. Nikienda chooni wote wananyamaza wakinisubiri.

Basi Jumanne asubuhi tukapitia sharti kwamba kila mtu mzima atie sahihi mwenyewe, asitiliwe na mume, baba wala mzee wa ukoo. Mimi ndiye niliyeinua mkono wa kwanza. Nikasema sharti zuri, hawa wazee wamezidi. Baada ya chakula zikafunguliwa fomu za Balambala.

Zilikuwa kumi na moja, zote na sahihi moja yenye mkia mrefu.

Siku fomu zilipoletwa wewe ulikuwa unakamua mbuzi. Nilikaa mkekani nikawatilia sahihi nyote, kama ninavyofanya tukiandikishwa chakula cha msaada, au ukoo ukilipa diya ya damu. Sikuona kosa. Nani kati yenu aliwahi kuulizwa?

Daktari Mutheu, mwenyekiti wetu, akashika moja. "Mzee, Habiba ni nani?"

"Dada yangu."

"Na sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu. Ya kwake imo ndani yake."

Hakucheka. Akauliza, "Ulipomweleza, yeye alisema nini?"

Sikukueleza. Na hata ningekueleza, ungesema "haya, aboowe, kaka yangu," kama ulivyosema nilipokuoza kwa marehemu mumeo kule Hadado, bila kukuuliza kama unamtaka.

Fomu zote zimefutwa. Mimi nimebakishwa, maana kutafuta mjinga mwingine kwa utaratibu wa serikali kunachukua muda mrefu kuliko utafiti wenyewe.

Sasa sikia, hapa sina mzaha. Nilikuona kabla sijaondoka. Mkate wa anjera unauloweka kwenye chai mpaka unakuwa uji, na nyama unampa paka ukidhani sioni. Chakula kinakukwama, abaayo. Walio kwenye orodha watapimwa koo hapo hapo Garissa, kwa mpira mwembamba wenye kamera, na orodha inafungwa Alhamisi ijayo. Wewe humo. Umetolewa kwa ajili ya mkono wangu.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu mpya. Fardosa akusomee yote polepole. Jumatano muuguzi wa utafiti atapita hapo Balambala na fomu za wale kumi wengine, naye ataichukua na yako. Muulize unachotaka, hata kama ni upuuzi, mimi huku nauliza upuuzi kila siku. Kalamu ikiwa ngumu, weka kidole gumba, mradi kiwe chako. Usipotaka utafiti, kataa, lakini hospitali uende hata hivyo, ukapange foleni.

Nisalimie mke wangu, mwambie chai ya huku ni maji yaliyotiwa rangi. Nisalimie na imamu, anayedhani nimekuja kuoa, na jirani yetu muuza maziwa, ambaye ngamia wake wana adabu kumshinda.

Simu sikupiga makusudi. Ungesema "haya" ukakata. Kwenye fomu kuna mahali pa ndiyo na mahali pa hapana. Pa "haya" nimepatafuta, hapapo.

Kaka yako, mjinga wa kamati,
Dakane